Ukinunua Baiskeli ya Zamani, Nunua Fremu

Butembo na Beni zinaijua baiskeli kama chombo cha kazi. Inashusha makaa na ndizi kutoka vilimani, inatoa kakao mashambani, na enzi zile barabara ya Kisangani ilipomezwa na msitu, wachuuzi waliisukuma kwa siku nyingi ikiwa imelemewa na mizigo. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa hapa kwamba unatafuta baiskeli ya mbio ya Kimarekani, ya chuma, iliyoundwa kwa mkono miaka ya 1970, swali lake la kwanza litakuwa: inabeba kilo ngapi?

Inakubeba wewe, chupa ya maji na begi dogo, basi. Anayetafuta chombo cha kubebea gunia asipoteze muda wake hapa; atafute baiskeli nyeusi ya Kihindi au ya Kichina yenye kerieri nene. Ushauri huu ni wa mwalimu anayekwenda kazini kila asubuhi, wa kijana anayefanya mazoezi ya kupanda vilima vyetu, na wa yeyote anayependa kitu kilichotengenezwa na fundi aliyejua kazi yake. Na ushauri wenyewe ni mfupi: nunua fremu. Tairi, mnyororo, kiti, breki na hata magurudumu vitachakaa na kubadilishwa. Fremu iliyoundwa vizuri ndiyo itakayobaki, na fremu mbovu haiponywi na vipuri vipya.

Kazi ya mkono inaonekana kwenye viungo

Chukua Raleigh nyeusi ya mzee wako, ile iliyotoka Nottingham, Uingereza, na kupitia Uganda hadi kwetu. Futa vumbi pale bomba la juu linapokutana na bomba la usukani. Utaona bomba limeingizwa ndani ya soketi ya chuma, na ukingo wa soketi umelala juu ya bomba. Kati ya viwili hivyo imepitishwa shaba iliyoyeyushwa kwa moto. Bomba lenyewe halikuyeyuka, kwa maana chuma cha pua kinahitaji joto la karibu nyuzi 1,500 ndipo kiyeyuke, wakati shaba ya kuungia hutiririka kwenye nyuzi 900 hivi. Siri ya baiskeli nyingi bora za zamani ni hiyo, ziwe za Uingereza, Italia au Marekani.

Tofauti kati ya Raleigh ya mzee na baiskeli ya mbio ya gharama ni unene wa bomba na subira ya fundi. Kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilitoa mwaka 1935 chuma chake maarufu kiitwacho 531, chenye manganizi na molibdeni. Bomba lake ni nene kwenye ncha, mahali pa kuungwa, na jembamba katikati. Katikati hapo linaweza kuwa na milimita 0.6 tu. Kwa hiyo fremu ni nyepesi, na barabarani inanesa kidogo badala ya kukurushia kila jiwe mgongoni. Columbus ya Milano ilitoa mabomba ya namna hiyo hiyo. Mafundi wa Marekani waliagiza mabomba hayo, wakachonga soketi kwa tupa hadi kingo zake zikawa nyembamba na zenye nakshi, kisha wakaziunga moja moja. Vyaelea vimeundwa.

Majina ya kujua

Usinunue kwa jina peke yake, lakini yajue majina ili usidanganywe. Schwinn ya Chicago, iliyoanzishwa 1895, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Kuanzia 1938 iliunda Paramount, baiskeli ya mbio iliyoungwa kwa shaba na mafundi wachache, na kwa miaka mingi ikatumia mabomba ya Reynolds. Lakini Schwinn hiyo hiyo iliuza kwa wingi Varsity, yenye usukani uliopinda vilevile na gia 10, ambayo fremu yake iliungwa na mashine ya umeme. Paramount ina uzito wa kilo 10 hivi. Varsity inakaribia 17. Mtu asiyejua huona rangi na usukani akadhani ni ndugu wa tumbo moja.

Trek ilianza 1976 ndani ya banda la shamba huko Waterloo, Wisconsin, ikiunda kwa mkono fremu za chuma. Faliero Masi, fundi wa Milano, alipeleka kazi yake Carlsbad, California, mwaka 1973. Albert Eisentraut wa California na Richard Sachs wa Connecticut, aliyejifunza kazi kwenye karakana moja ya London, ni miongoni mwa mafundi waliotia jina lao wenyewe kwenye fremu. Za hao wawili ni adimu na bei yake ni ya watoza vitu vya kale. Kwa mtu wa kawaida, Trek ya mwisho wa miaka ya 1970 au mwanzo wa 1980 ndiyo yenye thamani kuliko bei yake.

Usihofu kwamba zimekwisha. Mwaka 1973, Marekani ilipokuwa na wazimu wa baiskeli, ziliuzwa huko takriban milioni 15. Nyingi zilipandwa kiangazi kimoja zikaachwa kwenye gereji. Ndiyo maana hata leo hupatikana zilizo karibu mpya.

Njia ya kuipata

Njia iliyo bora ni ndugu. Familia nyingi za huku zina mtu Marekani, Kanada au Ulaya. Mwambie aende kwenye karakana za jamii zinazotengeneza baiskeli zilizotumika. Iko Working Bikes ya Chicago, kwa mfano, ambayo huuza baiskeli nyingine papo hapo na nyingine huzisafirisha Afrika. Usimtumie ujumbe wa "nitafutie baiskeli nzuri". Mpe mambo manne: urefu wa bomba la kiti kwa sentimita, maandishi ya lebo ya mabomba, picha ya karibu ya viungo, na picha ya chini ya kitovu cha pedali. Akikubali kununua, avue magurudumu, pedali na usukani, azibe ncha za mabomba kwa kitambaa, na aweke kipande cha mti katikati ya miguu ya nyuma ya fremu na ya foki ili zisibanwe safarini.

Njia ya pili ni mitumba inayopita Mombasa na Dar es Salaam kuelekea Kampala. Shirika la Pedals for Progress la New Jersey, lililoanza 1991, limewahi kupeleka baiskeli zilizotumika Uganda na Tanzania, na wafanyabiashara nao huleta kontena zao. Mara nyingi muuzaji hujua bei ya baiskeli ya milima yenye springi kuliko ya fremu nyembamba yenye soketi. Hapo ndipo penye bahati yako.

Ukipitia Kasindi, uwe na risiti yenye maelezo ya chombo, na lipia forodha kwenye dirisha la DGDA, mamlaka ya forodha ya Kongo, si mkononi mwa mtu aliyesimama karibu na daraja la Lubiriha. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini uanachama haufuti ushuru wa kitu kilichotengenezwa Marekani. Na ukienda kununua kwa dola, kagua noti zako kabla hujatoka nyumbani: iliyochanika hata kidogo pembeni hakuna atakayeipokea huku kwetu, na bei uliyoipigania itakuponyoka kwa sababu ya noti moja.

Kuikagua kabla ya kutoa pesa

Anza na kiti. Mwambie muuzaji, "Papa, naomba nikitoe kiti." Atakujibu kwamba kiti ni kizima. "Najua, Papa, nataka kuona bomba lake." Kulegeza nati moja kunafichua mambo mawili. Kwanza, kama nguzo ya kiti haitoki, imeshikana na fremu kwa kutu, na kuitoa kwaweza kuharibu bomba. Pili, nguzo ikitoka, soma kipimo cha milimita kilichopigwa juu yake. 27.2 ni dalili kwamba bomba ni jembamba na bora, 25.4 au pungufu huonyesha mara nyingi bomba nene la bei rahisi.

Tazama mikono ya pedali. Ikiwa ni chuma kimoja kilichopinda kinachopita ndani ya tundu kubwa lisilo na skrubu, hiyo ni jamii ya Varsity, hata muuzaji akiapa. Baiskeli bora ina mikono miwili iliyofungwa kila mmoja kwenye ncha yake ya ekseli. Kisha tazama vipande vinavyoshika gurudumu la nyuma. Vilivyofuliwa ni vinene, na aghalabu vina jina la mtengenezaji, kama Campagnolo. Vya rahisi ni bati lililokatwa na kubanwa.

Sasa pitisha kidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, nyuma kidogo ya usukani. Rangi iliyojikunja au kivimbe kidogo maana yake baiskeli iligonga kitu. Simama ubavuni uangalie foki: sehemu yake ya juu inapaswa kufuata mstari wa bomba la usukani kabla ya kupinda kwenda mbele. Ikiwa imerudi nyuma, iligongwa.

Kipimo kinachofuata ni cha uzi, na hakikugharimu kitu. Funga uzi kwenye kipande cha nyuma cha kushoto kinachoshika gurudumu, uvute hadi mbele, uuzungushe kwenye bomba la usukani, uurudishe nyuma upande wa kulia na kuufunga. Uzi ukiwa umekazwa, pima nafasi kati yake na bomba la kiti, kushoto na kulia. Nafasi zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana milimita moja au mbili, bado yaweza kurekebishwa. Zaidi ya hapo, punguza bei sana au uondoke. Muuzaji atakutazama kama mpima ardhi, mwache atazame.

Mwisho, pindua baiskeli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baiskeli ya zamani huozea mvunguni, pale maji yanayoingia kupitia bomba la kiti yanapotuama kwenye kitovu cha pedali. Gonga taratibu kwa ufunguo. Bomba zima hulia. Lililoliwa na kutu hutoa sauti butu na kumwaga unga mwekundu.

Kuhusu lebo: soma maneno yote. Kuna lebo ya Reynolds 531 inayosema ni mabomba matatu makuu tu, na kuna inayotaja pia foki na miguu ya nyuma. Hiyo ya pili ndiyo bora. Na lebo hununuliwa na kubandikwa, viungo havibandikwi.

Kisha ipande. Simama wima, bomba la juu likiwa katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Ikibaki nafasi ya vidole vichache, ni yako. Fremu nzuri ya mtu mwingine ni hasara nzuri.

Vipuri: mahali watu wanapokwama

Tairi ndilo tatizo kubwa, na linafichwa na namba. Baiskeli nyeusi ya Hero au Phoenix hutumia tairi ya 28, ambayo kipenyo chake cha kukalia rimu ni milimita 635. Baiskeli nyingi za Kimarekani za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 hutumia ya 27, yaani milimita 630. Zimetofautiana milimita 5 tu, na hazikubaliani kabisa. Tairi ya baiskeli za milima inayouzwa kila duka ni 559. Kwa hiyo soma namba ubavuni mwa tairi kabla ya kununua baiskeli, na ununue tairi mbili na tyubu nne pamoja nayo.

Ukiona 630 ni taabu, tafuta magurudumu ya 622, yale yanayoitwa 700C, ambayo Kampala yanapatikana kwa urahisi zaidi. Breki zitalazimika kushushwa milimita 4 tu, na breki nyingi za zamani zinaruhusu. Chagua rimu za alumini. Rimu ya chuma yenye kromu inang'aa sana, lakini ikilowa, breki huteleza. Mji wenye mvua na miteremko kama Butembo si mahali pa kujaribu hilo.

Habari njema ni kwamba mengine yanapatikana. Gololi za habu ya nyuma na za kitovu cha pedali ni za robo inchi, zile zile za baiskeli za kazi. Habu nyingi za skrubu ya Kiingereza hukubali friwili ya kawaida ya gia moja iwapo gia za zamani zimekufa. Mnyororo tu uwe mwangalifu: wa baiskeli ya kazi ni mpana mno kwa friwili yenye gia tano, utaruka na kukwaruza.

Fundi wa kuchomelea asiguse kabla hamjazungumza

Sababu kubwa ya kupendelea chuma huku kwetu ni kwamba chuma kinatengenezeka. Fremu ya kaboni ikipasuka, hakuna fundi wa Butembo wa kuiokoa. Alumini nayo inahitaji vifaa ambavyo karakana nyingi hazina. Chuma kina wataalamu kila mtaa.

Lakini wataalamu hao wamezoea mageti na viti vya makanisa. Bomba la milimita 0.6 likiguswa na waya wa kuchomelea kwa umeme hutoboka papo hapo, na lisipotoboka, chuma cha 531 pembeni mwa mshono hubaki dhaifu, kikavunjika baadaye mahali usipopatarajia. Mwambie fundi wazi: hapa ni moto wa gesi na shaba, kwa joto la kiasi, na chuma kisafishwe kwa msasa hadi king'ae kabla ya kuungwa. Akisema umeme ni haraka zaidi, mshukuru na uende kwa mwingine. Ukipata mzee aliyewahi kuunga fremu za Raleigh kwa shaba, jua umepata mtu.

Chuma kinaruhusu pia kupanuliwa. Miguu ya nyuma iliyoachana milimita 126 yaweza kufunguliwa taratibu hadi 130 ili gurudumu jipya lipite, mradi pande zote mbili ziende sawa na uzi upimwe tena.

Kuiendesha kwenye milima hii

Butembo iko juu ya mita 1,700. Beni iko karibu mita 1,200. Kati ya miji hiyo ni kilomita 54 za kupanda na kushuka. Baiskeli ya mbio ya 1975 ilipangwa kwa miguu ya vijana wa mashindano: gia kubwa mbele, ndogo nyuma. Omba friwili ambayo gia yake kubwa ina meno 28 au zaidi, la sivyo kila kilima kitakuteremsha chini usukume. Weka tairi nene kuliko zote zinazoingia kwenye fremu, angalau milimita 28 hadi 32, na usizijaze hadi ziwe ngumu kama jiwe. Usifunge kerieri ya mizigo. Gunia moja la makaa laweza kupinda kile ambacho fundi alichukua siku nyingi kukinyoosha.

Kuhusu barabara, mradi uliozinduliwa Juni 2021 kati ya Kongo na Uganda unahusu Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na Beni hadi Butembo. Lami inamfurahisha mwenye tairi nyembamba, lakini lami haiondoi hatari. Eneo la Beni limeishi na mauaji ya waasi wa ADF tangu 2014, na Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Mazoezi ya alfajiri nje ya mji yasikuvute. Endesha mchana, ndani ya mji au kwenye njia ambayo wasafiri wa pikipiki wametoka kuipita, na uwaulize kwanza. Hakuna baiskeli inayostahili mtu afe kwa ajili yake.

Kuitunza

Mvua ikikukuta, geuza baiskeli juu chini ukifika nyumbani, na toa nguzo ya kiti mara kwa mara ili maji yatoke. Mara moja kwa mwaka, ifungue fremu yote, mimina oili safi ya injini kidogo ndani ya kila bomba, iviringishe hadi ienee, kisha uiache idondoke usiku kucha. Paka grisi nguzo ya kiti na shina la usukani kabla ya kuvirudisha.

Mnyororo upake oili nyepesi, tone moja kila kiungo, kisha ufute iliyobaki nje. Mawese yaache jikoni. Kwenye mnyororo huganda, hushika vumbi jekundu na kugeuka msasa unaokula gia. Rangi ya zamani usiikwangue ili uipake mpya inayong'aa. Mikwaruzo iguse kwa rangi ya karibu, lebo ziache, kwa sababu ndizo cheti cha kuzaliwa cha chombo hicho, na atakayekuja kuinunua kwako atazitafuta.

Ukitafuta kwa muda usipate ya Kimarekani, usikate tamaa wala usinunue Varsity iliyopakwa rangi kwa bei ya Paramount. Rudi kwa Raleigh ya mzee, ile iliyoegemezwa nyuma ya nyumba. Ni nzito, breki zake ni za vyuma virefu, na haitashinda mashindano yoyote, lakini viungo vyake viliungwa kwa namna ile ile, tairi yake iko sokoni, na pengine itakugharimu tu kuku mmoja na maneno ya heshima kwa mwenyewe. Fundi wa kuipima kwa uzi utakuwa wewe.